Gari Isiyohitaji Kabari

Solange mutoto wangu,

Usiwashe gari kwanza. Nimekupa karatasi hizi mkononi kwa sababu najua kwamba, unapozisoma asubuhi hii, jirani yetu Mama Furaha bado anabishana na godoro lake, na godoro lile haliwezi kuingia kwenye jeep hata likiombewa misa. Kwa hiyo una muda. Kaa kwenye kiti cha shofa, funga mlango, soma polepole.

Mimi ninaandika leo mchana, siku moja kabla ya safari yenu, mkiwa bado mnafunga mizigo. Mvua inapiga mabati, nimekaa pembeni ya kitanda cha bibi yako Koko, na nakusikia huko uani. Unamwambia Mama Furaha: "Mama, chagua. Godoro ao mutoto." Naye anakujibu kwamba mtoto anaweza kulala juu ya godoro, na godoro juu ya gari, na wewe shida yako ni nini. Koko amecheka mpaka nyonga ikamuuma, kisha amenitukana mimi, kama kawaida, kwa sababu niko karibu.

Sitakuandikia habari za kufua nguo, wala za kusali, wala za vijana wa Bukavu. Hizo shangazi yako atakuambia mpaka uombe kurudi kwenye vita. Mimi nitakuandikia habari za freni. Cheka tu. Kuna baba wanaowaachia watoto shamba, wengine ng'ombe. Wako anakuachia freni, na hata hizo si zake, ni za gari ya Papa Kambale.

Jana uliniuliza swali nami nikatoka nje kana kwamba ninakwenda kutazama mvua, na mvua haikuwepo. Barua hii njo jibu. Lakini wanijua, siwezi kufika mahali bila kuzunguka. Nipe nafasi nizunguke kidogo.

Unakumbuka siku Papa Kambale alipofika Mushaki na jeep hii? Barabara ilikuwa imefungwa mbele yake kwa magari, akaiacha hapa kwetu, akashuka Goma juu ya pikipiki, mfanyabiashara mkubwa wa Butembo ameshika koti la kijana wa motari kama mtoto aliyepelekwa chanjo. Kabla hajaondoka alinionyesha kifungo kile kidogo karibu na mkono wa vitesi, ule wa kubadilishia gia. Akasema: "Ukisimama kwenye mlima, gari inajishika yenyewe. Unaweza kutoa mguu." Mimi nimemwendeshea malori maisha yangu yote, mpaka goti la kulia limezeeka kabla ya mwenyewe. Nilimtazama nikamwambia: "Patron, hii ni gari ya batu ya uvivu."

Akaniambia: "Basi iko ya kwako."

Alipokwenda, nilitaka kuonyesha kwamba ni uongo. Nikaipeleka jeep pale kwenye mteremko wa ua, na mbele ya tairi nikaweka dumu la kasiksi, pombe yangu mwenyewe ya ndizi, ili mtu yeyote asiseme kwamba nilifanya jaribio bila moyo. Nikabonyeza kifungo. Nikakanyaga freni mpaka gari ikasimama kabisa. Taa ndogo ya kijani ikawaka. Nikainua mguu nikafumba macho. Wewe ulikuwa umesimama mlangoni na sahani mkononi, nikakusikia unasema: "Papa, kasiksi iko hai. Fungua macho."

Nilikuwa na furaha ya kijinga. Nikafungua mkanda na mlango ili nishuke nikaipongeze pombe yangu, na gari ikaanza kulia kama mbuzi aliyekanyagwa, ikakaza freni ya mkono yenyewe. Ukacheka ukasema hata gari inajua kwamba mimi sitakiwi kuachwa peke yangu. Tulicheka wote. Nilikuwa sijui kwamba kifungo kile utakuja kukitumia dhidi yangu, na siku hiyo hakutakuwa na wa kucheka.

Sasa sikiliza, maana hapa sitanii. Kutoka kwetu mpaka Sake ni kuteremka. Leo umeona watu wa Karuba wakipita tangu asubuhi, na mbuzi, na masufuria, na wazee juu ya migongo. Kesho barabara itajaa. Kwenye bariere, kizuizi cha askari, magari yatasimama moja nyuma ya jingine kwenye mteremko, na katikati ya kila gari na gari kutakuwa na watu. Hawatatembea pembeni, kwa sababu pembeni ni tope na shimo. Watatembea mbele ya tairi zako kabisa, wamekupa mgongo, wakiamini kwamba yule aliye kwenye usukani ana akili. Wewe njo utakuwa akili yao.

Gari ya otomatiki kwenye mteremko haingoji. Ukilegeza mguu kidogo tu, inatembea. Nawe utasimama muda mrefu. Mguu utaanza kufa ganzi, kisha kutetemeka. Huo ni uchovu, na uchovu mtu anaweza kuuvumilia. Kinachonitia hofu mimi ni kitu kingine, na nilikijua pale pale kwenye bariere ya Sake.

Nilikuwa na lori, nimekanyaga freni, nangoja. Mbele yangu mama mmoja wa Karuba amebeba gunia la viazi, amelitua chini apumzike. Askari akapiga risasi hewani, sijui kwa sababu gani, labda alitaka tu tukumbuke kwamba anayo. Mwili wangu wote uliruka, na mguu uliruka pamoja nao. Sikuutuma. Lori ikasogea. Ilikuwa hatua ya mtu mfupi, si zaidi, lakini nilisikia kitu kikipasuka chini ya tairi, na mpaka leo nikikumbuka ile sauti nashika kifua. Yalikuwa viazi. Mama yule aligeuka, hakumtazama askari wala bunduki, alinitazama mimi. Akasema: "Shofa, unaniulia viazi na mwenyewe niko nakuona?" Askari wenyewe walicheka. Mimi pia nilicheka, kwa mdomo. Nilikuwa nimemkosa yeye kwa upana wa gunia lake.

Unaona sasa faida ya kile kifungo nilichokiita cha uvivu? Freni ya mguu inategemea moyo wa mtu, na moyo ukiruka, mguu unaruka. Gari ikishajishika yenyewe, wapige risasi, wapige ngumi juu ya boneti, mtoto alie, Mama Furaha aite watakatifu wote kwa majina, wewe ruka unavyotaka. Gari haitaruka. Haijui kwamba kuna vita. Wewe unaweza kuogopa kwa raha yako, na yule aliyekupa mgongo mbele ya tairi atabaki mzima.

Kwa hiyo, kila ukisimama, kanyaga mpaka mwisho, ngoja taa ya kijani, ndipo uinue mguu. Usiinue kwa sababu unakumbuka kwamba ulibonyeza kifungo. Inua kwa sababu umeiona taa. Mkanda usiufungue, maana bila mkanda haikubali. Na wakati wa kuondoka kwenye mteremko, usikanyage akseleta. Akseleta inaachilia freni kwa ghafula, na mlima unaongeza wa kwake, na gari itaruka kama ng'ombe aliyefunguliwa. Rudisha mguu juu ya freni, zima kifungo, kisha achilia pole pole wewe mwenyewe. Na kama mtaambiwa mshuke wote, weka kwenye P, kaza freni ya mkono, zima moto wa gari. Kifungo kile ni cha mtu aliyeketi kwenye kiti. Si cha mtu anayeondoka.

Nimemaliza habari za gari. Hapana, sijamaliza. Kuna kabari.

Nimekutazama leo asubuhi ukiitafuta chini ya kiti. Usiitafute. Nimeitoa.

Najua unavyoipenda, kipande kile cha mkaratusi chenye alama za meno ya tairi ubavuni. Mama yako alipokufa, sikuwa na mtu wa kumwachia wewe, Koko alikuwa bado Burungu na njia ilikuwa haipitiki, nikakupandisha kwenye lori. Watu walisema nimerukwa na akili, kumpeleka mtoto msichana njia ya Walikale. Walisema kweli. Lakini ulikuwa na macho kuliko wasaidizi wote niliowahi kuwalipa. Freni ya mkono ya lori ile ilikuwa imekufa zamani, ilibaki kama pambo. Kwenye mlima lori ikichoka, wewe ulikuwa umeshashuka kabla sijakuita, unaisukuma kabari nyuma ya tairi, kisha nasikia ile sauti yako nyembamba: "Ilishakamata!" Ndipo mimi natoa mguu, navuta pumzi. Wasafiri juu ya magunia walikuwa wanakuita Shefu. Wewe ulikuwa unawajibu kwa ukali, kama shefu kweli.

Unajua mwenyewe desturi ya barabara ile, lakini acha niiandike, maana kesho una watu ambao hawaijui. Lori ikianza kupanda tena, haisimami. Aliyeweka kabari anabaki nyuma, anaiokota, anapanda mlima kwa miguu akiwa nayo begani. Shofa hamngoji kwenye mlima, hata akiwa mtoto wake. Anapanda mpaka tambarare, huko juu, anapiga honi ili yule wa nyuma ajue kwamba hakuachwa, na wote wanakaa wanangoja. Na hakuna anayefungua chakula kabla kabari haijafika. Mtu awe na njaa kiasi gani, awe mkubwa kiasi gani, kikwanga cha muhogo kinabaki ndani ya majani mpaka yule wa nyuma atokeze na mti wake begani. Nimeona mkubwa mmoja wa ofisi akimeza mate mbele ya samaki wake mwenyewe, akikungoja wewe, na wewe hata meno ya mbele ulikuwa huna.

Nami, shofa mzee wa njia ile, desturi hiyo niliivunja siku moja tu.

Ulikuwa mlima mrefu wa udongo mwekundu, kidogo kabla hatujaingia msitu wa Walikale. Mvua kama hii ya leo. Huko chini ya bonde tulisikia risasi, si karibu, si mbali. Lori ilikuwa imeshaanza kupanda vizuri. Nikatazama kioo. Nikakuona nyuma kule, mdogo kabisa, nguo imegandamana na mwili, kabari kubwa kuliko kifua chako, na barabara yote nyuma yako ni tupu. Risasi ikalia tena. Moyo wangu ukasema: simama, mutoto apande. Nikasimama.

Mungu anisamehe, nilisimama kwa sababu nakupenda. Moto wa lori ukazimika. Freni zilikuwa na maji, hazikushika kitu. Na lori, pamoja na magunia na watu juu, ikaanza kurudi nyuma, kwenye barabara ile ile ambayo mtu pekee aliyekuwa nyuma yangu alikuwa wewe.

Nilikanyaga mpaka goti likalia. Ni siku hiyo goti hili liliharibika, si kwa sababu ya uzee kama ninavyowaambia watu. Wasafiri walikuwa wanaruka kwenye tope kama vyura. Mzee mmoja aliruka na dumu lake la mawese, likapasuka, akaoga mawese kuanzia kichwani. Nilipiga kelele nikuambie ukimbie, na mvua ilichukua sauti yangu. Nawe hukukimbia. Mtoto mwingine angekimbia kuteremka mbele ya lori, na lori ingemfikia. Ulitoka pembeni, ukalala kwenye ukingo, ukaisukuma kabari chini ya tairi, ukavuta mkono. Tairi ikapanda juu ya kabari, lori ikainama, ikaegemea ukingo wa udongo, ikanyamaza.

Kovu la mguu wako ni la jiwe la ukingo ule. Najua unalijua. Nimelitazama miaka yote hii kila ukivaa sketi, ukadhani sipendi sketi.

Lakini kitu ninachokikumbuka kuliko lori ni kwamba ulikuja mpaka dirishani kwangu. Mikono yangu ilikuwa imekataa kuachia usukani. Ulikuwa umejaa tope, damu inashuka kwenye soksi, ukanitazama kwa hasira kama za marehemu mama yako. Ukaniuliza: "Papa, nani alikutuma usimame?"

Yule mzee wa mawese ndiye alijibu, amekaa kwenye tope, anang'aa mwili mzima kama mkate uliopakwa siagi: "Muache, Shefu. Alisimama kwa huruma."

Ukasema: "Huruma gani? Angeua batu yote."

Watu walicheka mpaka wakasahau risasi. Mimi nililia nyuma ya lori, ambapo hakuna aliyeniona isipokuwa wewe, na hukuwahi kumwambia mtu. Aksanti kwa hilo. Sikuwahi kukushukuru.

Sasa nimefika. Swali lako la jana.

Mimi nilikuambia siwezi kuendesha kwa sababu ya goti. Nilikuambia kwamba kwenye ule mstari wa magari, mguu wangu hautavumilia kukanyaga freni, nitaua watu. Lilikuwa neno zuri, nililitafuta kwa muda. Nawe ukanisikiliza mpaka mwisho, ukaweka chini ile kamba uliyokuwa unafunga nayo mizigo, ukasema: "Papa, hii gari haiombe mguu yako. Iko na buto ya kujishika. Weye njo ulinifundisha. Kwa nini usiendeshe weye, mie nibakie na Koko?"

Nilikufundisha vizuri mno. Huo ni upumbavu mwingine wa kuongeza kwenye orodha yangu.

Kweli, gari hii haihitaji goti langu. Naweza kuiendesha mpaka Goma nikiwa nimekunja mguu kama bwana harusi. Papa Kambale ametuma neno nijaze watu ninaowataka, kabla njia haijafungwa, na kiti cha shofa ni changu kwa haki zote. Goti lilikuwa uongo. Nisamehe. Nilidhani ni rahisi kwako kumwacha baba mgonjwa wa goti kuliko kumwacha baba mzima.

Koko hawezi kukaa kwenye gari. Umeona wewe mwenyewe tulivyojaribu juzi kumwinua, namna alivyopiga kelele. Mfupa ule wa nyonga haujashika. Mara ya mwisho alibebwa na vijana kwenye kipoyi, machela ya miti, wakimwimbia njiani kama bibi arusi, na leo vijana wale hakuna hata mmoja aliyebaki mtaani, wenye nguvu wote wameshashuka. Kwa hiyo mtu mmoja lazima abaki naye. Tuko wawili, wewe na mimi. Wewe wasema ubaki wewe. Solange, mimi nimeishi katika vita hivi muda mrefu kuliko wewe, nimebeba kwenye lori wasichana waliobaki. Nimewabeba baadaye. Sitaandika zaidi ya hapo, na wewe hutaniuliza.

Nimemwambia Koko kwamba wewe ulitaka kubaki naye. Akaniambia: "Na weye pia uende. Mie niko mzee, watanifanya nini?" Nikamwambia nimeshakwenda, hapa anazungumza na kivuli. Akasema kivuli gani kinanuka kasiksi namna hii. Basi tumekubaliana hivyo, mimi na yeye. Tutabaki na viazi, na maji ya mvua, na matusi yake. Tukisikia wanakaribia sana, nitamlaza kule nyuma kwenye ghala la maharage, chini ya magunia matupu, na nitakaa naye. Siyo mpango mkubwa. Nimetafuta mwingine tangu juzi, nimetafuta mpaka kichwa kinauma, sikupata.

Nilikuambia nitawafuata Jumamosi kwa pikipiki. Wewe si mtoto. Hakuna pikipiki inayombeba mtu mwenye nyonga iliyovunjika, nami siondoki bila yeye. Kama njia itafunguka, kama vijana watarudi na kipoyi, tutakuja. Sisemi hatutakuja. Nasema tu usihesabu Jumamosi.

Naogopa, mutoto wangu. Nataka ulijue hilo, usije baadaye ukadhani baba yako alikuwa jasiri, watu wakakuchosha kwa kumsifu. Nimeinuka mara nyingi kwenda mlangoni ili nikuite nikuambie: basi, tubaki wote. Halafu nakumbuka yule mwanamke wa viazi alivyokuwa amenipa mgongo. Kichanga cha Mama Furaha hakijui kwamba wewe ni mtoto wa mtu. Kinajua tu kwamba gari itaondoka.

Na kabari nimeitoa kwa sababu hii. Maisha yangu yote ya barabara yamekuwa na mtu nyuma ya gari, kwenye tope, na mti begani, na mara nyingi mtu huyo alikuwa wewe. Jeep hii ni gari ya kwanza niliyoijua ambayo inasimama kwenye mlima bila kumshusha mtu. Sitaki kesho umshushe yeyote. Hata wale watoto wakubwa wa Mama Furaha watakaojitolea, wakatalie. Shika gari kwa kifungo, watu wote wabaki ndani, milango imefungwa. Na kama gari ikiharibika kabisa, mawe yako kila mahali Masisi, ni kitu pekee ambacho hakijakimbia.

Kabari inabaki kwangu. Nimeipanguza, iko hapa chini ya kitanda, Koko anauliza kama nataka kuipika.

Sitakuja kwenye gari kukuaga. Nikija utashuka, ukishuka hutapanda tena, nami sitakuwa na nguvu ya kukurudisha. Nitakuwa pale chini ya kwetu, kwenye kona, penye mteremko mkali, palipo na ule mti uliokatwa. Utaniona kabla hujafika. Nitakuwa nimesimama kwenye ukingo, kabari begani, ili unijue, kana kwamba kuna mwingine Mushaki mwenye tumbo kama hili.

Pale usisimame. Nyuma yako kutakuwa na magari, mbele yako watu, na udongo wa pale baada ya mvua ni sabuni. Najua kifungo kitakushikia gari hata pale, taa ya kijani itawaka, hakuna atakayeumia. Nimefikiria hilo, kwa sababu nakujua utalifikiria. Gari itashikwa, ni kweli. Lakini ukishasimama mbele yangu, Solange, hakuna kifungo kitakachokushika wewe wala mimi. Ukisimama, nitakuja dirishani nikuulize kwa ukali, na nitakuuliza kwa sauti ile ile yako: nani alikutuma usimame?

Piga honi tu, upite. Nitaelewa.

Shukeni Sake, fikeni Goma, mwachie Papa Kambale gari yake, mpande mashua ya Bukavu kwa shangazi yako. Huko njo tambarare. Mtakuwa na njaa. Nimemwomba Mama Furaha abebe kikwanga na vile viazi vya kuchemsha, viko ndani ya kitenge cha bluu. Najua mtakaa, na wewe utakiweka kitenge magotini, na watoto watakitazama, na wewe utatazama njia.

Mkifika, fungueni chakula. Safari hii msingoje kabari.

Papa yako